Sura ya 6: Sina Dalili, Nipime Nini?

Wanawake huliuliza swali hili kwa namna nyingi. Mjamzito aliyekuja kliniki kwa mara ya kwanza huuliza kwa sauti ya chini: "Mbona siumwi chochote, hivi vipimo vyote vya nini?" Mwanafunzi wa chuo mwenye mpenzi mmoja huuliza kwa ujumbe wa simu usiku, akijieleza kwamba hatokwi na uchafu, hawashwi, wala haumwi tumbo la chini. Na yupo mwingine, huyu ana miaka thelathini na kitu, ameolewa miaka mingi hajashika mimba, ameambiwa mirija yake imeziba. Yeye huuliza kwa uchungu: "Imezibwa na nini, wakati mimi sijawahi kuugua ugonjwa wa zinaa hata siku moja?"

Wote watatu wanauliza jambo moja. Wanaamini, kama wengi wetu tulivyofundishwa, kwamba ugonjwa wa zinaa hujitangaza wenyewe kwa usaha, kidonda, muwasho au harufu. Kwa mwanamume mwenye kisonono mara nyingi ndivyo ilivyo. Kwa mwanamke, maambukizi mawili yanayopenda kukaa kwenye mlango wa kizazi, yaani klamidia na kisonono, mara nyingi hayasemi kitu. Ndiyo maana kuna aina ya upimaji inayoitwa uchunguzi wa mapema: kumpima mtu ambaye hana dalili yoyote, ili ugonjwa ukutwe kabla haujaharibu kitu. Sura hii inahusu uchunguzi huo, kwa nini wanawake wetu wengi hawaupati, na nini unaweza kudai leo ukifika kituo cha afya.

Mlango wenyewe

Mlango wa kizazi, ambao wengine huuita shingo ya kizazi, ni sehemu ya chini kabisa ya mfuko wa uzazi, ile inayochungulia juu ndani ya uke. Mwanamke akiingiza kidole safi hadi mwisho ataugusa: kitu cha duara, kigumu kidogo kama ncha ya pua, chenye tundu katikati. Damu ya hedhi hutokea hapo. Mbegu za kiume hupandia hapo. Siku ya kujifungua, tundu hilo hufunguka hadi mtoto apite.

Upande wa nje wa mlango huu umefunikwa na tabaka kadhaa za chembe ngumu, zinazovumilia msuguano. Ndani ya tundu hali ni tofauti: chembe zimejipanga safu moja tu, laini, na kazi yake ni kutengeneza ute. Bakteria wa klamidia na wa kisonono (bakteria ni vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho) wanazitaka hizo laini. Ndizo wanazoweza kujishikiza na kuingia.

Sasa, kwa msichana na mwanamke aliye chini ya miaka 25 hivi, zile chembe laini mara nyingi hazijajificha zote ndani ya tundu. Zimetandaa mpaka nje, mahali ambapo maambukizi yanazifikia kwa urahisi. Kadiri umri unavyosogea, zile ngumu hufunika eneo hilo. Hii ni sababu mojawapo kubwa ya klamidia kuwapata zaidi wasichana, na nairudia kila ninapoweza kwa sababu jamii yetu ina haraka ya kumhukumu binti. Binti wa miaka 19 mwenye mpenzi mmoja anaweza kuambukizwa kwa urahisi kuliko mama wa miaka 40, kwa sababu ya umbile la mlango wake wa kizazi katika umri huo.

Na kwa nini haumwi? Klamidia huishi ndani ya chembe za mwili na kuzaliana humo humo polepole, hivyo mwili hauamki kwa kishindo. Mlango wa kizazi wenyewe uko ndani, hauonekani, na hauwashi kama ngozi ya nje inavyowasha. Usaha kidogo unaotoka unachanganyika na ute wa kawaida, na ute wa mwanamke hubadilika kila wiki ya mzunguko wake, basi nani atajua? Zaidi ya nusu ya wanawake wenye klamidia hawana dalili yoyote, na kwa kisonono hali haipishani sana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 peke yake watu wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizi mapya milioni 129 ya klamidia na milioni 82 ya kisonono duniani.

"Lakini nilishapima mkojo"

Hapa ndipo palipo na mkanganyiko mkubwa kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwanamke wa Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa akisikia maumivu kidogo akikojoa, hatua ya kwanza ni kupima mkojo. Fundi wa maabara anaweka tone chini ya hadubini, anaona chembe za usaha, anaandika "UTI", yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Anapewa sipro. Anapata nafuu au hapati, baada ya mwezi anarudi, anaambiwa UTI imekuwa sugu, anachomwa sindano tano. Nimekutana na wanawake waliobeba jina hilo la "UTI sugu" kwa miaka, wana bahasha nzima ya karatasi za maabara, na katika bahasha hiyo hakuna hata karatasi moja ya kipimo cha klamidia.

Chembe za usaha kwenye mkojo ni taarifa kwamba kuna mapambano mahali fulani. Mapambano hayo yanaweza kuwa kwenye kibofu, na mara nyingi ni huko kweli. Lakini yanaweza pia kuwa kwenye mlango wa kizazi au kwenye njia ya mkojo iliyoambukizwa klamidia au kisonono. Hadubini ya kawaida haiwezi kuiona klamidia. Si uzembe wa fundi. Mdudu ni mdogo mno na amejificha ndani ya chembe.

Vipimo vingine vinavyowachanganya watu ni hivi:

– Kuotesha majimaji ya ukeni, kile ambacho hospitali nyingi hukiita HVS. Kinasaidia kuona fangasi na bakteria wengine wa ukeni. Klamidia haioti hapo. Kisonono kinaweza kuota, ila sampuli nzuri kwa kazi hiyo huchukuliwa kwenye mlango wa kizazi wenyewe.

– Kipimo cha klamidia cha damu, ambacho maabara za binafsi hukitoza pesa nyingi. Kinatafuta kinga ambayo mwili uliitengeneza, na kinga hiyo hubaki muda mrefu baada ya ugonjwa kuisha. Hakikuambii kama unaumwa leo. Wapo waliomeza dozi baada ya dozi kwa sababu "damu bado inasoma klamidia".

– Vitepe vya haraka vya klamidia. Hutoa majibu kwa dakika chache, lakini vingi huwaacha wagonjwa wengi bila kuwagundua.

Kipimo kinachoaminika kwa klamidia na kisonono ni kile kinachotafuta vinasaba vya mdudu mwenyewe. Vinasaba ni ile alama ya ndani ambayo kila kiumbe anayo. Mashine huitafuta alama hiyo na kuizidisha mara nyingi hadi iweze kusomeka, hata kama wadudu walikuwa wachache sana. Tutakirudia kipimo hiki.

Kwa kifupi hadi hapa: klamidia na kisonono hukaa kwenye chembe laini za mlango wa kizazi, mara nyingi bila dalili. Kupima mkojo kwa hadubini, kuotesha majimaji ya ukeni na kupima damu hakutoshi kuondoa shaka.

Kinachotokea tukingoja

Maambukizi yakiachwa mlangoni, kwa baadhi ya wanawake hupanda juu: kwenye mfuko wa uzazi, kwenye mirija, hadi kwenye ovari. Hali hiyo ndiyo PID, jina ambalo siku hizi limezagaa kila saluni na kila kundi la WhatsApp. Kati ya wanawake 100 wenye klamidia isiyotibiwa, takribani 10 hadi 15 huipata. Wengine huumwa tumbo la chini, homa, maumivu wakati wa tendo la ndoa. Wengine, na hili ndilo linaloumiza, hawasikii kitu huku kovu likijengeka ndani ya mirija.

Mrija wa uzazi una njia nyembamba sana. Ndani yake kuna vinyweleo vidogo vinavyolisukuma yai kuelekea kwenye mfuko wa uzazi. Kovu huviua vinyweleo hivyo na kubana njia. Yai lililorutubishwa likikwama katikati, mimba hutunga nje ya kizazi, na mrija ukipasuka mama anaweza kupoteza maisha kwa damu inayovujia tumboni. Njia ikiziba kabisa pande zote mbili, mimba haiingii.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, kaa kwenye benchi nje ya chumba cha eksirei siku ya kupiga picha za mirija, kipimo ambacho wengi wanakijua kama HSG. Wanawake wanaingia mmoja mmoja. Dawa inayoonekana kwenye picha inasukumwa kupitia mlango wa kizazi, inajaza mfuko wa uzazi, na ilipaswa kumwagika kupitia ncha za mirija. Kwenye picha ya mwenye mirija mizima, dawa humwagika pande zote mbili kama ilivyotakiwa. Kwenye picha nyingine inaishia njiani, au mrija umevimba mwisho wake na dawa imetuama humo. Mama anavaa, anapokea bahasha, anaulizia gharama ya upasuaji. Wengi wao hawakuja na waume zao. Nyumbani ndugu wa mume wameshaanza kusema, na mwanamume aliyemwambukiza, huenda hata kabla ya ndoa hii, hakuna anayemtaja.

Mtoto naye yumo. Akipita kwenye mlango wenye maambukizi, macho yake yanaweza kuambukizwa. Kisonono hujitokeza ndani ya siku chache za mwanzo, kope zinavimba na usaha mwingi unatoka, na kisipotibiwa haraka kinaweza kumpofusha. Klamidia hujitokeza baadaye kidogo, na inaweza kuleta nimonia katika wiki zinazofuata. Yale mafuta ya tetrasaiklini anayopakwa mtoto machoni mara anapozaliwa ni kwa ajili hiyo. Wengi wetu tuliona nesi akiyapaka bila kujua. Mafuta hayo ni kinga nzuri dhidi ya kisonono cha macho, lakini hayamtibu mama, na hayafiki kwenye mapafu ya mtoto.

Kuna jambo la mwisho hapa. Mlango wa kizazi wenye uvimbe wa maambukizi hurahisisha VVU kuingia. Mwanamke mwenye klamidia au kisonono akikutana na VVU, yuko kwenye hatari kubwa kuliko asiye nayo.

Tulivyozoea kutibu

Vituo vyetu vingi hutibu magonjwa ya ngono kwa kufuata dalili. Mgonjwa anaeleza, mhudumu anatazama chati, na chati inamwelekeza dawa: mwenye kidonda hizi, mwenye usaha kwenye uume hizi, mwenye uchafu ukeni hizi. Haihitaji maabara, na mgonjwa anaondoka na dawa siku hiyo hiyo.

Njia hii ina heshima yake, na sehemu ya heshima hiyo ilipatikana Tanzania. Kati ya 1991 na 1994, utafiti mkubwa uliendeshwa mkoani Mwanza katika jamii 12 za vijijini. Sita ziliboreshewa matibabu ya magonjwa ya ngono katika vituo vyao vya kawaida: wahudumu walifundishwa kutibu kwa dalili, dawa zikapatikana. Sita nyingine zilingoja. Majibu yalipotoka mwaka 1995, maambukizi mapya ya VVU katika jamii zilizoboreshewa huduma yalikuwa pungufu kwa takribani asilimia 40. Dunia nzima ya afya iligeuka kutazama Mwanza, na chati zile zikasambaa kila mahali.

Lakini chati inamhitaji mtu mwenye dalili, na awe na dalili sahihi. Mwanamume mwenye kisonono anachuruzika usaha na kuungua akikojoa, chati inamnasa. Mwanamke mwenye uchafu ukeni mara nyingi ana fangasi, au trikomona, au mvurugiko wa bakteria wa kawaida wa ukeni ambao hata si ugonjwa wa zinaa kwa maana kamili. Mlango wake wa kizazi unaweza kuwa mzima kabisa. Huyo anapewa dawa za kisonono asizozihitaji, anaambiwa amlete mume, na ugomvi unaanza nyumbani bila sababu. Huku nyuma, mwenye klamidia asiye na dalili anapita mbele ya mlango wa zahanati ileile na ndoo yake ya maji, hana habari, na hakuna anayemwita.

Naliona hili kama kosa la mpangilio, na limedumu mno. Wahudumu wamefanya kazi kubwa kwa zana walizopewa. Zana zenyewe ziliwafaa zaidi wanaume.

Kisumu, Seattle, na swali la faida

Je, wanawake wasio na dalili wenye maambukizi ni wengi kiasi hicho? Utafiti uliofanyika Kisumu, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2023, unatupa picha. Ulihusu wanawake 449 wa miaka 18 hadi 30 waliokuwa wakitumia vidonge vya kujikinga na VVU. Watafiti walitaka kujua kama kumeza doksisaiklini baada ya kujamiiana kunazuia magonjwa mengine ya zinaa. Jibu halikuwa zuri, na vipimo vya nywele vilionesha kwamba wengi wa waliopewa dawa hawakuwa wakiimeza. Mimi kilichonishika ni jambo la pembeni. Siku ya kuandikishwa, kila mwanamke alipimwa. Karibu 18 kati ya kila 100 walikutwa na maambukizi, mengi yakiwa klamidia. Ni kweli kwamba hawa walichaguliwa kwa kuwa wako katika hatari ya kupata VVU, hivyo tusichukue hesabu hiyo kuwa ya wanawake wote wa Kisumu. Lakini ni wanawake wa mjini kama wengine, wenye kazi zao na watoto wao, na walipatikana kwa sababu kila mmoja alipimwa, awe na dalili au asiwe nazo.

Je, kuwakuta mapema kunasaidia? Ushahidi unaotajwa sana ulitoka Seattle, Marekani, mwaka 1996. Wanawake wenye hatari kubwa ya klamidia waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likaitwa kupimwa na kutibiwa, lingine likaendelea na huduma ya kawaida. Katika mwaka uliofuata, PID katika kundi lililoitwa ilikuwa chini ya nusu ya ile ya kundi lingine. Leo Marekani inapendekeza kila mwanamke aliye chini ya miaka 25 anayejamiiana apimwe klamidia na kisonono kila mwaka.

Uingereza ilianza mpango wake wa kupima vijana mwaka 2003, wa kike na wa kiume. Matumaini yalikuwa kwamba klamidia itapungua katika nchi nzima. Haikupungua kama walivyotarajia, na mwaka 2021 walibadili mwelekeo: lengo likawa kuzuia madhara, na wanaofuatwa kupimwa wasipokuwa na dalili wakawa wanawake, kwa kuwa madhara makubwa huwapata wao. Nalitaja hili kwa sababu litatufaa. Hata sisi tusiahidiane kuifuta klamidia. Tunachoweza kukipata, na kinastahili pesa, ni binti mmoja baada ya mwingine kufika miaka thelathini mirija yake ikiwa wazi.

Kijiti cha pamba

Wengi wakisikia "kupima mlango wa kizazi" wanafikiria kitanda kirefu, miguu imetanuliwa, kile kifaa cha chuma cha kupanua uke, na pengine mwanafunzi wa udaktari anayetazama. Kwa kutazama saratani ya mlango wa kizazi na mambo mengine kifaa hicho bado kina kazi. Kwa klamidia na kisonono hakihitajiki. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, na tafiti nyingi zimeonesha kwamba sampuli hiyo ni nzuri sawa na iliyochukuliwa na daktari.

Inakuwa hivi. Nesi anakupa pakiti yenye kijiti kirefu chenye pamba laini mwishoni, na kichupa chenye maji maalumu. Unaingia chooni au nyuma ya pazia. Unanawa mikono. Unashika kijiti katikati, bila kugusa pamba, unakiingiza ukeni kiasi cha sentimita tano, karibu urefu wa kidole chako kidogo. Hupaswi kusikia maumivu. Unakizungusha polepole huku pamba ikigusa kuta za uke, ukihesabu moja hadi ishirini au thelathini. Unakitoa, unakitumbukiza kwenye kichupa, unakivunja palipo na alama, unafunga kifuniko. Jina lako au namba yako imeshaandikwa ubavuni. Umemaliza, na hakuna aliyekuona.

Maji yale yanamiminwa kwenye katriji, kidude cha plastiki kinachotosha kiganjani, na katriji inapachikwa kwenye mashine. Mojawapo ya mashine hizo ni GeneXpert, na jina hilo si geni kwetu: ndiyo inayopima makohozi ya kifua kikuu, kazi ambayo Shirika la Afya Duniani liliiidhinisha mwaka 2010. Ipo katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Kwa klamidia na kisonono hutoa majibu kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kinachobadilika ni katriji tu, na katriji ndicho kikwazo, kwa kuwa bei yake ni kubwa mara nyingi kuliko kile kitepe cha kaswende kinachotumika kliniki ya wajawazito. Kwa hiyo mjamzito wetu anapimwa VVU na kaswende, kama inavyostahili, na klamidia na kisonono vinaachwa.

Kama pesa hazitoshi kuwapima wote, na hazitoshi, basi tuwe na mpangilio. Ningeanza na hawa:

– wajawazito, hasa walio chini ya miaka 25, kwa kuwa tayari wako kliniki na wako wawili;

– wasichana wanaokuja kuchukua njia za uzazi wa mpango, na hasa kabla ya kuwekewa kitanzi;

– wanawake wanaotumia vidonge vya kujikinga na VVU na wale wanaoishi na VVU, ambao wanarudi kituoni mara kwa mara;

– yeyote ambaye mwenza wake ametibiwa kisonono au ametokwa na usaha.

Wengine wote wenye uwezo wa kulipia katika maabara kubwa za mjini waulize kwa jina: "Mnacho kipimo cha vinasaba cha klamidia na kisonono, cha kijiti?" Ukijibiwa kwamba wanacho cha damu, shukuru uende kwingine.

Na kuna pesa inayotumika vibaya. Dawa za "kusafisha kizazi", vidonge vya kuweka ukeni vinavyouzwa mitandaoni, maji ya ndimu, sabuni za kujiosha hadi ndani: hakuna hata kimoja kinachoua klamidia. Kujiosha ndani huondoa bakteria wazuri wanaoulinda uke na kunaenda sambamba na hatari kubwa zaidi ya PID. Gharama ya mikupuo michache ya dawa hizo ingekaribia gharama ya kipimo cha kweli.

Siki, HPV na neno "safi"

Mama anatoka kwenye kampeni ya kupima saratani ya mlango wa kizazi akiwa amefurahi: "Nimepima kizazi, niko safi." Ana haki ya kufurahi. Ila ajue amepimwa nini.

Kwenye kipimo hicho nesi hupaka mlango wa kizazi siki iliyopunguzwa makali, anangoja dakika moja, kisha anamulika taa. Sehemu yenye chembe zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe. Mabadiliko hayo huletwa na HPV, kirusi kinachoenea kwa ngono na ambacho wengi hukipata bila kujua. Aina zake mbili, namba 16 na 18, husababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Siku hizi HPV yenyewe inaweza kupimwa kwa kijiti ambacho mwanamke anajichukulia, na kipimo hicho ni bora kuliko siki. Uchunguzi huu huanza miaka 30, au 25 kwa anayeishi na VVU. Watoto wa kike wanakingwa kwa chanjo. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019.

HPV haina dawa ya kuiua. Zinazotibiwa ni chembe zilizobadilika, kwa kuzichoma au kuzigandisha, na mara nyingi mwili wenyewe hukiondoa kirusi. Klamidia na kisonono ni bakteria, hutibika na kuisha kabisa. Siki haionyeshi klamidia. Kipimo cha klamidia hakionyeshi HPV. Mwanamke wa miaka 32 anaweza kuhitaji vyote viwili, kwa siku moja, kwenye kitanda kimoja.

Majibu yakirudi na ugonjwa

Klamidia hutibiwa kwa doksisaiklini ya siku saba. Mjamzito hapewi hiyo, anapewa azithromaisini, ile ambayo madukani wanaiita azuma. Kisonono hutibiwa kwa sindano ya seftriaksoni. Usinunue dawa za kisonono kwa kubahatisha: penisilini na sipro zilikitibu zamani, sasa kimezizoea, na kila dozi ya kubahatisha inakifundisha kuzoea nyingine.

Dawa ni sehemu rahisi. Sehemu ngumu ni mwenza, kwa sababu asipotibiwa siku zilezile ataurudisha ugonjwa. Hapa wanawake wengi huishia njiani, na siwalaumu. Atasemaje? Nesi mmoja mzoefu wa kliniki ya mama na mtoto huwafanyisha mazoezi akina mama kabla hawajaondoka. Yeye anakuwa mume.

"Baba Neema, leo kliniki wamenipima wamekuta maambukizi kwenye mlango wa kizazi. Nimepewa dawa. Wamesema na wewe umeze, tusije tukaambukizana tena na mtoto akapata shida ya macho."

"Umeyatoa wapi wewe?"

"Wamesema yanaweza kukaa hata mwaka mwili haujui. Hawajui alianza nani, na mimi sijui. Karatasi yako hii hapa."

Maneno hayo ni ya kweli kitabibu. Klamidia inaweza kukaa zaidi ya mwaka bila dalili, na kipimo hakisemi ilianza lini wala kwa nani. Mwanamke anayehofia kupigwa asilazimishwe kusema peke yake. Amwambie nesi, waangalie njia ya kumwita mwenza kwa jambo jingine, au kumpelekea dawa pale mwongozo wa nchi unaporuhusu. Wote wawili wakae siku saba bila kukutana baada ya kuanza dawa, na saba hizo zihesabiwe kuanzia siku aliyechelewa kati yao alipoanza dawa.

Usirudie kipimo baada ya wiki moja au mbili kuangalia kama umepona. Mashine inasoma hata mabaki ya wadudu waliokufa, na utatibiwa tena bure. Mjamzito hurudia baada ya wiki nne. Wengine wote hurudi baada ya miezi mitatu, kwa sababu kuambukizwa tena ni jambo la kawaida kuliko dawa kushindwa. Mwombe nesi aiandike tarehe hiyo kwenye kadi yako kabla hujatoka chumbani.